Waziri akijibu "fedha zimetengwa", swali la nyongeza liweje?

MwambaoMagharibi ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba wanaojua kazi ya Bunge kwa undani watusaidie. Vyama tuviweke kando, mada ni swali tu.

Kata yetu iko mwambaoni mwa ziwa, mkoa wa Mwanza. Kuna mradi wa maji: chanzo ziwani, tangi mlimani, vituo vya kuchotea maji katika vijiji vitatu. Mkutano uliopita wa Bunge mbunge aliuliza, "Je, ni lini Serikali itakamilisha mradi huu?" Naibu Waziri akajibu kwamba utekelezaji umefikia asilimia 60, fedha zimetengwa mwaka huu wa fedha, na kazi itakamilika kadri ya upatikanaji wa fedha. Swali la nyongeza la mbunge, lile linalofuata jibu papo hapo, likaruka kwenye barabara ya kijiji. Akaambiwa hilo ni jambo jipya, alete swali la msingi, yaani lililoandikwa na kupelekwa mapema. Yakaishia hapo.

Sasa ofisi ya mbunge inataka wananchi tupeleke pendekezo la swali kwa maandishi. Tunauliza:
1. "Zimetengwa" maana yake pesa ipo au haipo?
2. Swali liandikweje lisipate jibu lilelile?
3. Zaidi ya kipindi cha maswali, Waziri anabanwa wapi?

---

Kasma_na_Kifungu:

Mkuu, hilo la kwanza ndilo lililomponza mbunge wenu, kwa hiyo nitakaa hapo.

Pesa ya mradi hupita vituo kadhaa kabla haijawa bomba. Kwanza Bunge linaidhinisha: namba inaingia kwenye kitabu cha makadirio. Hiyo ndiyo "imetengwa", yaani wizara imepewa ruhusa ya kutumia hadi kiasi hicho. Pili, Hazina inatoa: fedha inahamia wizarani au kwa wakala. Tatu, mkandarasi akishafanya kazi analeta hati ya madai, msimamizi wa mradi anaikagua na kuipitisha. Nne, hati inalipwa. Waziri anayesema "imetengwa" amesema kweli kabisa hata kama haijatoka senti. Hajadanganya, na ndiyo maana huwezi kumshika hapo.

Chukua mfano wa kubuni. Mradi una mkataba wa bilioni 2. Mwaka huu imeidhinishwa milioni 800, zimetolewa milioni 250, na hati za madai zilizo mezani ni za milioni 400. Hapo mkandarasi anadai milioni 150 zaidi ya kilichofika, kwa hiyo ameondoa mitambo na kubakiza mlinzi. Ukiuliza "ni lini", unapata "kadri ya upatikanaji wa fedha". Ukiuliza kilichotolewa na hati ambazo hazijalipwa, tatizo linajitokeza lenyewe.

Angalieni na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Jibu la "zimetengwa mwaka huu" likitolewa Novemba lina miezi zaidi ya saba ya kutimia. Likitolewa Juni ni karibu na bure, maana mwaka ukifungwa ile ruhusa inaisha, na mradi unategemea uingizwe upya kwenye bajeti inayofuata. Kwa hiyo kama mradi wenu "umetengewa" miaka mitatu mfululizo, usijumlishe zile namba. Mara nyingi ni pesa ileile ambayo haikutoka, inaandikwa tena.

Kuhusu kitabu: kila wizara na kila mkoa una fungu lake, yaani namba yake ya bajeti. Wizara ya Maji ni Fungu 49, Mkoa wa Mwanza ni Fungu 81, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) 56, Uvuvi 64, Ujenzi 98, Uchukuzi 62. Ndani ya fungu kuna vifungu, ndani ya kifungu kuna kasma, yaani mistari ya matumizi. Miradi ya maendeleo iko kwenye kitabu cha nne, na kila mradi una safu ya fedha za ndani na safu ya fedha za nje. Msiipite hiyo safu ya pili. Fedha za nje zinatoka kwa masharti ya mkopeshaji au mfadhili, kwa hiyo mradi unaweza kusimama hata Hazina ikiwa na nia njema. Na msishangae jina la kata yenu lisipoonekana: miradi mingi ya maji vijijini imefungwa pamoja kwenye mstari mmoja mkubwa. Ndipo mbunge anapaswa kuomba mchanganuo.

La pili, uandishi. Haki yenyewe iko kwenye Katiba, Ibara ya 63(3)(a): mbunge anaweza kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Lakini "swali lolote" haina maana ya namna yoyote. Ofisi ya Bunge inalisoma kabla halijapangwa. Swali lenye hotuba, kejeli, tuhuma kwa mtu, au linalogusa shauri lililo mahakamani linarudishwa au linakatwakatwa. Fupi, jambo moja, liwe na kitu kinachohesabika.

Ningeandika hivi:

*"Je, hadi sasa Serikali imetoa kiasi gani kati ya fedha zilizoidhinishwa kwa ajili ya mradi wa maji wa (jina), na ni kazi zipi zilizobaki ili wananchi wapate maji?"*

"Imetoa" inamlazimu alete namba ya Hazina. "Kazi zipi zilizobaki" inaivunja ile asilimia 60.

Nyongeza ndiyo silaha. Swali la msingi wizara imelipata mapema: limeshuka kwa wakala, limefika wilayani, likapanda tena hadi kwa Katibu Mkuu, na jibu limechapwa. Nyongeza haijachapwa, ingawa kabrasha la Waziri huwa na maelezo ya ziada kwa yale yanayotarajiwa. Mwenye swali anapewa nyongeza mbili, na sharti lake ni kwamba zitokane na swali la msingi au jibu lake. Kuuliza barabara kwenye swali la maji ni kuitupa.

---

Fundi_Kidakio:

Kasma amemaliza ya pesa. Mimi niongeze ya asilimia, maana hapo ndipo wanasiasa hupigwa chenga na makaratasi.

Asilimia 60 ya nini? Kuna asilimia ya kazi, ya muda wa mkataba, na ya malipo. Zikisomwa pamoja zinaeleza mradi wote. Kazi 60, muda 95, malipo 30: mkandarasi amefanya zaidi ya alicholipwa na muda unaisha, ataomba nyongeza ya muda na huenda akadai riba. Kazi 30, muda 60, malipo 55: hapo pesa imetangulia kazi, ulizeni malipo ya awali yalikuwa kiasi gani na yanakatwaje kwenye hati. Mbunge akiomba moja tu, atapewa ile inayopendeza.

Halafu mradi wa kutoa maji ziwani una mnyororo. Kidakio (mdomo wa kuvutia maji) kwenye maji ya kina (ufukweni kuna matope na magugu maji), pampu na nyumba yake, umeme wa njia tatu na transfoma, sehemu ya kutibu maji, bomba la kupandisha, tangi, bomba za kusambaza, vituo vya kuchotea. Tangi na mabomba hula sehemu kubwa ya gharama na huonekana kwa macho, kwa hiyo mkandarasi huanza nayo. Ndiyo maana mradi unaweza kusoma asilimia 60, hata 80, na hakuna tone. Kitu kimoja kikikosekana katikati, mnyororo wote umelala.

Kwa mwambao wetu vinavyokwamisha mara kwa mara ni hivi:

Umeme. Pampu imefika, iko kwenye kreti, laini ya njia tatu haijafika. Hiyo ni kazi ya TANESCO chini ya Wizara ya Nishati, na Waziri wa Maji atasema anasubiri. Kama hamkutaja umeme kwenye swali la msingi, anaweza kukwepa nyongeza. Maneno "kazi zipi zilizobaki" aliyoandika Kasma yanafungua huo mlango, ila ningeyaongezea "ikiwemo umeme wa pampu".

Mwamba. Mawe ya Mwanza mnayajua. Kama usanifu ulidhani ni udongo na mtaro ukakutana na jabali, gharama ya kuchimba inapanda na mkataba unahitaji mabadiliko. Yakikaa mezani bila kusainiwa, kazi inasimama na hakuna anayetangaza.

Kiwango cha ziwa. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda sana. Nyumba ya pampu iliyochorwa kwa kipimo cha miaka ya ukame inaweza kuhitaji kuinuliwa au kuhamishwa. Ulizeni kama usanifu umepitiwa upya.

---

MwambaoMagharibi:

Wabeja sana wakuu. Tumekaa na wenzangu tukaandika hivi, mkosoe:

*"Kwa kuwa mkandarasi wa mradi wa maji ni mbabaishaji na Serikali imemlea kwa muda mrefu, na kwa kuwa wananchi wanachota maji ya ziwa yenye kichocho, je, Serikali haioni umuhimu wa kukamilisha mradi, kuwalipa fidia waliopitiwa na bomba, na kujenga barabara ya kwenda kwenye tangi?"*

---

Kasma_na_Kifungu:

Kaka, hili litarudi. "Mbabaishaji" ni tuhuma, linaondoka. "Haioni umuhimu" ni zawadi kwa Waziri: atajibu "Serikali inaona umuhimu" na kukaa. Fidia ni swali lake peke yake, lenye vielelezo vyake (tarehe ya uthamini, idadi ya waliothaminiwa, waliolipwa), liandikeni kando. Barabara ya kwenda kwenye tangi, kama ni ya wilaya, si ya Wizara ya Maji kabisa.

Kichocho ni hoja halali, lakini inaingia mahali pengine: inamfaa mbunge kwenye mchango wa bajeti ya Maji, ambako ana dakika za kueleza. Kwenye swali inakula nafasi.

---

Dira_ya_Nyamagana:

Niseme la wizara, kwa sababu maswali mengi ya kanda yetu hufa kwa kutumwa pasipo pake.

Kivuko na meli si kitu kimoja serikalini. Vivuko vya Serikali, kwa mfano njia ya Rugezi–Kisorya au Bugolora–Ukara, viko chini ya TEMESA, na TEMESA iko Ujenzi. Meli za ziwani kama MV Mwanza, ile ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ni za kampuni ya meli ya Serikali iliyo chini ya Uchukuzi. Usalama wa vyombo majini ni TASAC, Uchukuzi vilevile. Kwa hiyo swali la idadi ya abiria na ukaguzi wa kivuko lina wizara mbili ndani yake. Tangu MV Nyerere izame karibu na Ukara Septemba 20, 2018, kikiwa chombo cha kubeba watu 101, hilo si jambo la kinadharia kwa mtu wa Ukerewe.

Barabara: kuu na za mkoa ni TANROADS, Ujenzi. Za wilaya, mijini na vijijini, ni TARURA, TAMISEMI, tangu Julai 2017. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa Ujenzi, lakini kalavati la kuingia kijijini kwenu ni TARURA.

Afya: zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, TAMISEMI. Sekou Toure kama hospitali ya rufaa ya mkoa, Wizara ya Afya. Shule ya msingi na sekondari: majengo na walimu kwa TAMISEMI, mitaala na sera kwa Elimu.

Maji: mjini kwetu ni MWAUWASA, vijijini ni RUWASA kwa sheria ya mwaka 2019. Wizara ni moja, ila meneja atakayeandika jibu ni tofauti, na namba zake ni tofauti. Chanzo cha Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku hutajwa sana majibuni. Msikubali kitumike kujibu swali la kijiji ambacho hakimo kwenye mtandao wake.

---

Mzee_wa_Kamati:

Nijibu la tatu, maana vijana mmelirukia.

Waziri ukumbini anajibu sera na ahadi. Matumizi yenyewe anayajibia Afisa Masuuli, yaani Katibu Mkuu wa wizara au Mkurugenzi wa halmashauri, mbele ya kamati. PAC (kamati ya hesabu za Serikali) inaita wizara na taasisi, LAAC (kamati ya hesabu za serikali za mitaa) inaita halmashauri. Kazi yao inaanzia kwenye ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), ambayo Rais hukabidhiwa kufikia mwisho wa Machi na huwekwa mezani Bungeni Aprili. Kule hakuna "kadri ya upatikanaji". Afisa anakuja na vocha na mikataba, na kama hana, anarudishwa. Mradi wenu ukiwa umetajwa kwenye ripoti ya CAG, nakilini ukurasa na aya, mpeni mbunge. Uzito wake ni mkubwa kuliko barua kumi za malalamiko.

Pili, Kamati ya Matumizi, Aprili hadi Juni, kila wizara inapopitisha fungu lake. Pale mbunge anaweza kutoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri. Shilingi moja haimpunguzii Waziri chochote. Kazi yake ni kumlazimisha asimame na kutoa maelezo mahususi, na mbunge asiporidhika anaomba hoja ijadiliwe na wenzake. Nguvu ya shilingi iko kwenye kuungwa mkono: mbunge aliyezungumza mapema na wabunge wengine wa mkoa anasimama na wanane nyuma yake, asiyezungumza nao anairudisha shilingi ndani ya dakika mbili. Lingine, muda. Vifungu vikichelewa, gilotini (ukomo wa muda) inapita na vilivyobaki vinapitishwa bila mjadala. Mshahara wa Waziri uko kwenye kifungu cha mwanzo cha utawala, 1001, kwa hiyo mbunge ajiandikishe mapema na awe tayari tangu mwanzo.

Tatu, maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, Alhamisi. Hayo ni ya sera. Mtu akiuliza tangi la kata moja, Spika anamkatiza. Lakini sera iliyo nyuma ya tangi inaulizika: kwa mfano, Serikali ina utaratibu gani wa kuhakikisha umeme unafika kwenye miradi ya maji kabla pampu haijanunuliwa? Hilo lingewasaidia hata watu wa Musoma na Bukoba.

Nikosoane kidogo na Kasma. Mimi sidharau "ni lini" moja kwa moja. Jibu lenye tarehe, likiingia kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge), linakuwa ahadi ya Serikali, na ahadi inadaiwa. Shida ni pale "ni lini" inapotangulia. Itangulizwe namba, ndipo ifuate tarehe.

---

Kasma_na_Kifungu:

Shikamoo mzee, hapo nimekubali. Basi nyongeza ya pili iwe ya tarehe: *"Kwa kuwa Waziri amesema zimebaki kazi hizi, je, yupo tayari kulieleza Bunge tarehe ya kufungwa pampu?"* Na kama mwezi wenyewe ni Mei au Juni, aongeze kama fedha hiyo imeingizwa kwenye mwaka unaofuata.

---

Dada_Hansard:

Kabla hamjaandika chochote kipya, tafuteni jibu la zamani. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge ziko kwenye tovuti ya Bunge kwa tarehe, na kuna ukurasa wa maswali na majibu. Andikeni namba ya swali, tarehe ya kikao, na maneno ya Waziri neno kwa neno, hasa asilimia na kiasi. Mbunge akianza nyongeza kwa "tarehe fulani, swali namba fulani, Serikali ililieleza Bunge kwamba…" inakuwa vigumu kumrudishia jibu lile lile. Kama zamani walisema asilimia 65 na sasa wanasema 60, hapo hamhitaji kumwita mtu mwongo. Someni namba mbili, nyamazeni.

Pia msisubiri Dodoma kwa kila kitu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi ina siku 30 za kujibu. Ombeni vitu vyenye majina: thamani ya mkataba, tarehe ya kuanza na kumaliza, orodha ya hati za madai zilizopitishwa na zilizolipwa, nyongeza za muda zilizotolewa. Ukiandika "tunaomba taarifa za mradi" utapewa kipeperushi. Mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioshika nafasi ya TANePS, nao unaangalika kwa zabuni.

Na diwani wenu asiachwe nje. Taarifa ya robo mwaka ya halmashauri huwa na ukurasa wa miradi ya maji, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayopanda kwenda kuwa jibu la Waziri. Ikiwa imekosewa pale, itakosewa Dodoma.

---

MwambaoMagharibi:

Dada, tumeipata ile Hansard. Kumbe mwaka juzi pia waliandika asilimia 60. Tunabaki na swali moja la msingi, nyongeza mbili, na fidia tunaiandikia karatasi yake. Ombi la hati za madai limepelekwa leo kwa meneja wa wilaya, nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa.

---

Dada_Hansard:

Ule muhuri piga picha, maana siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo. Na swali lifike ofisi ya mbunge wiki kadhaa kabla ya mkutano kuanza, kwa sababu maswali hupangwa kwenye ratiba mapema na likichelewa linasukumwa mkutano unaofuata. Muombeni asipokuwepo siku hiyo amwachie mbunge mwingine aliulize kwa niaba yake, tena amwachie na zile nyongeza zikiwa zimeandikwa.